Kioo Kinaishia Wapi?

Mtu wa Matombo, mkoani Morogoro, hahitaji kufundishwa kutilia shaka ahadi. Barabara inayotoka Bigwa, ikapita Kiroka na Mkuyuni, ikafika Matombo na kuendelea Mvuha hadi Kisaki, imeahidiwa lami kwenye majukwaa ya kampeni kwa miaka mingi. Kwa hiyo akisikia redioni kwamba kampuni ya simu inaleta intaneti ya kasi ya faiba, hata akitajiwa mwezi na mwaka, ataguna, ataongeza sauti ya redio kidogo kusubiri taarifa ya habari, na ataendelea kumenya ndizi.

Mguno huo una haki yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi unaelekezwa pasipostahili. Wapo wanaodhani faiba yenyewe ni jina jipya la kitu kilekile, changa la macho la kupandishia bei. Wapo wanaodhani inafaa Dar es Salaam na Dodoma tu, na kwamba milima ya Uluguru ni mirefu mno na Matombo ni mbali mno. Yote mawili si kweli, na kuyajua hayo kunasaidia, kwa sababu anayetilia shaka kitu cha kweli humwachia njia mtu anayeficha kitu kingine. Shaka inastahili kuwekwa mahali pamoja hasa: pale ambapo kioo kinaishia.

Tuanze na kioo chenyewe, na jaribio ambalo mtoto wa darasa la tano anaweza kulifanya usiku jikoni. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo angavu, toboa tundu dogo karibu na kitako, jaza maji, kisha uzime taa. Mulika tochi ya simu upande wa pili wa chupa, ikilielekea tundu kabisa. Maji yatatoka yakipinda kwenda chini kama kawaida, na mwanga utapinda nayo. Ukikinga kiganja yanapodondokea utaona doa la nuru mkononi. Mwanga unapogonga ukuta wa ndani wa mchirizi kwa mshazari, hauna njia ya kutokea hewani, unarudishwa ndani, unagonga upande wa pili, unarudishwa tena, hadi mwisho. Daniel Colladon aliwaonyesha watu jambo hilo mjini Geneva mwaka 1841, na kwa miaka mingi lilibaki burudani ya ukumbini.

Faiba ni mchirizi huo uliogandishwa. Katikati kuna kioo cha aina moja, na pembeni kioo cha aina nyingine kinachourudisha mwanga ndani. Uzi mzima wa kioo, kabla haujavalishwa plastiki, una unene wa milimita 0.125, na njia unayopita mwanga katikati yake haifiki hata sehemu ya kumi ya unene huo. Taa ndogo ya leza inawaka na kufifia mabilioni ya mara kwa sekunde, na mfuatano huo ndio picha ya mjukuu, hela ya mazao inayoingia kwenye simu, na fomu ya mkopo wa chuo.

Sasa, watu wa mwanzo kuitilia shaka faiba hawakuwa wanakijiji. Walikuwa wahandisi. Miaka ya 1960 kioo bora kilichokuwapo kilikula mwanga kiasi kwamba baada ya mita 20 ilibaki asilimia moja tu. Mita ishirini! Hapo huwezi kuunganisha hata shule na zahanati iliyo ng'ambo ya uwanja wa mpira. Mwaka 1966 mhandisi mzaliwa wa Shanghai, Charles Kao, pamoja na mwenzake George Hockham, wakiwa kwenye maabara ya Standard Telecommunication Laboratories huko Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kosa haliko kwenye kioo, liko kwenye uchafu uliomo ndani yake, hasa chembe za chuma na madini mengine. Kisafishwe, walisema, mpaka asilimia moja ya mwanga ibaki baada ya kilometa nzima, na hapo simu zitasafiri kwa nuru. Wengi hawakuwasadiki. Kao akafunga safari kutoka maabara moja hadi nyingine, na kutoka nchi moja hadi nyingine, akitafuta wa kumsikiliza.

Mwaka 1970 watafiti watatu wa kampuni ya vioo ya Corning, Marekani, yaani Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walitengeneza uzi uliobakiza asilimia 2 baada ya kilometa moja. Lengo lilikuwa limepitwa. Leo kioo cha kawaida cha mawasiliano hubakiza asilimia hiyo moja baada ya kilometa 100. Mita ishirini, kilometa moja, kilometa mia: yote ndani ya umri wa mtu mmoja. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, na mwaka huohuo, mwezi Julai, mkongo wa bahari wa SEACOM uliwashwa na Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa kioo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mazungumzo yetu na Ulaya yalipanda hadi kwenye satelaiti iliyo kilometa 36,000 juu, yakashuka, jibu nalo likapanda na kushuka, na nusu sekunde ilikuwa imekwisha kabla mtu hajaitikia "haloo". Waliopiga simu za nje enzi hizo wanakumbuka jinsi watu wawili walivyokuwa wakigongana maneno.

Kwa hiyo tupige hesabu ya Matombo. Tuseme waya unafuata barabara kutoka Morogoro mjini, na tuseme ni kilometa 50 za kona na miteremko. Kwa kioo cha leo, mwanga unaoingizwa mjini utafika Matombo ukiwa na sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, pungufu kidogo kwa sababu ya maungio. Sehemu moja ya kumi ni nyingi sana. Vipokeo vya kawaida vinasoma nuru dhaifu kuliko hiyo kwa mbali. Hakuna haja ya kipaza nguvu njiani wala kituo chenye jenereta. Mlima hausumbui mwanga ulio ndani ya uzi, kwani uzi unapinda panapopinda barabara. Siku afisa wa kampuni yoyote atakaposema kwamba Matombo "kiteknolojia ni pagumu", msikilizaji ana ruhusa ya kutabasamu. Ugumu uko kwenye jembe: kuchimba mtaro, kupasua mwamba, kulipa fidia, kufukia, kuomba kibali cha kukata barabara. Uzi wenyewe ni kitu rahisi ukilinganisha na gharama za kuuzika. Na wateja wa kulipia gharama hizo ni wachache, wametawanyika mabondeni, na kipato chao hutegemea ndizi, nanasi na viungo vimekwendaje msimu huu. Hiyo ni sababu ya kibiashara, na ina uzito wake. Itajwe tu kwa jina lake.

Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009 na kulikabidhi shirika la simu la TTCL kuuendesha, na Morogoro, ikiwa njia panda ya kwenda Dodoma na Iringa, imo kwenye njia yake. Mjini, basi, kioo kipo. Matombo yenyewe mtu hupata intaneti kama wengi wa vijijini nchini wanavyoipata, kwa simu ya mkononi, kutoka kwenye mnara. Hapo ndipo swali linapokuwa tamu: mnara nao unaipata wapi?

Zipo njia mbili kuu. Mnara unaweza kulishwa na faiba inayofika kwenye kitako chake, au unaweza kulishwa na mnara mwingine kwa mawimbi ya maikrowevu yanayorushwa hewani. Ukitazama juu utaona vibao virefu vyembamba vinavyoelekea vijijini. Hivyo vinazungumza na simu zetu. Ukiona pia madishi ya duara, yenye sura ya ngoma, hayo yanazungumza na minara mingine. Kuwepo kwa ngoma hakuthibitishi kwamba faiba haipo, maana mnara wenye faiba unaweza kuwagawia wenzake. Ila ni mwanzo mzuri wa swali.

Mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka. Dishi lazima lionane na dishi. Mji wa Morogoro umekaa chini ya Uluguru upande wa kaskazini, Matombo iko upande wa mashariki, na kati yao kuna mlima ambao vilele vyake vinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kuzunguka kizuizi kama hicho kunataka kurusha kutoka kilima hadi kilima, na kila mruko ni mahali pengine pa kuharibika, pengine pa kuishiwa umeme, pengine pa kubana njia. Halafu kuna mvua. Miteremko ya mashariki ndiyo inayopokea pepo kutoka Bahari ya Hindi, na hunyeshewa kuliko upande wa mjini. Ndiyo maana Mto Ruvu una maji na Dar es Salaam inakunywa. Matone ya mvua kubwa hunyonya na kutawanya maikrowevu, hasa yale ya masafa ya juu. Mitambo ya kisasa haikati papo hapo. Ikihisi mawimbi yanadhoofika hupunguza mwendo ili angalau kitu kipite. Kwa hiyo jioni ya masika simu inaonyesha vijiti vyote, 4G imeandikwa juu, na video ya dakika mbili inazunguka kama pia.

Vijiti vile vinasema jambo moja tu: simu yako inasikilizana vizuri na mnara. Havijui chochote kuhusu kilicho nyuma ya mnara. Kijiji chenye maji ya mserereko kinalielewa hili bila maelezo marefu: bomba la nyumbani kwako likiwa la inchi mbili, na huko juu kwenye chanzo wakaunga kipande cha nusu inchi, utapata maji ya nusu inchi. Kiungo cha maikrowevu chenye uwezo wa megabiti mia chache kwa sekunde, kikigawanywa kwa simu zote za vijiji kadhaa saa mbili usiku, kinamwachia kila mtu makombo. Kampuni itakuwa haijadanganya iliposema imefikisha 4G. Imefikisha. Imenyamaza tu kuhusu nusu inchi.

Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Ni kazi kubwa na sitaidharau. Mama mjamzito wa kijiji kisichokuwa na mawasiliano kabisa ana haja ya mnara leo kuliko ya faiba kesho kutwa. Lakini takwimu ya minara peke yake haituambii kioo kinaishia wapi. Kwenye mkutano wa kata swali la "mnara wetu uko lini?" linahitaji dada yake: utalishwa na nini?

Wanaofikiri danadana hizi ni za kwetu tu wasome habari za New Jersey. Mwaka 1993 kampuni ya simu ya jimbo hilo la Marekani iliahidi kuliweka jimbo zima kwenye mtandao wa kasi ya megabiti 45 kwa sekunde ifikapo 2010, nayo ikalegezewa masharti ya bei. Mwaka 2010 ukaja ukapita. Mwaka 2014 mdhibiti wa jimbo alikubaliana na Verizon, mrithi wa kampuni hiyo, kwamba baadhi ya maeneo intaneti ya 4G kutoka mnarani ihesabike kuwa imetimiza ahadi. Kioo kiliahidiwa, mnara ukapokelewa.

Uingereza wamegombana kuhusu jina lenyewe. Makampuni yalikuwa yakiuza "faiba" wakati kioo kiliishia kwenye kabati la mtaani, na kutoka hapo hadi nyumbani ni waya wa shaba wa enzi za babu. Shaba hupoteza nguvu haraka; kadiri nyumba ilivyo mbali na kabati ndivyo kasi inavyoshuka. CityFibre, kampuni inayofikisha kioo hadi ndani, ilikwenda mahakamani kutaka wengine wazuiwe kulitumia jina hilo. Mwaka 2019 ikashindwa. Italia walichagua njia ninayoipenda zaidi: mwaka 2018 mdhibiti wao aliagiza matangazo yabebe alama ya rangi. Kijani, kioo kinafika nyumbani au kwenye jengo. Manjano, kinaishia njiani. Nyekundu, hakuna kioo. Bibi asiyejua maana ya megabiti anaijua rangi.

Kwetu, faiba ya nyumbani inauzwa mijini. TTCL wanayo huduma waliyoiita Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni nyingine nazo zimo sokoni. Mwenye ndugu Morogoro mjini au Dar anayefikiria kuunganishwa ajue kwamba hata kioo kikifika mlangoni, hakiji kwa ajili yake peke yake kutoka kituoni. Uzi mmoja hugawanywa na kijisanduku kisichotumia umeme, kinachopasua mwanga uende nyumba 32, pengine 64. Katika mfumo uliozoeleka sana duniani, nyumba hizo zote hugawana gigabiti 2.5 kwa sekunde. Zikiwa 32 na zote zimefungulia kwa pamoja, kila moja inapata kama megabiti 78, na hiyo si haba hata kidogo. Ndiyo maana sina ugomvi na kijisanduku. Ugomvi wangu ni na neno "hadi". Kasi ya hadi megabiti fulani inaweza kuwa kasi ya saa tisa usiku, wakati majirani wote wamelala. Waingereza walikuwa na kanuni kwamba ilitosha mteja mmoja kati ya kumi aifikie kasi iliyotangazwa. Mei 2018 wakaibadilisha: lazima angalau nusu ya wateja waipate, tena kati ya saa mbili na saa nne usiku. Hapa kwetu mdhibiti, TCRA, ana kanuni za ubora wa huduma na lipo baraza la watumiaji la kusemea wateja. Kuwaomba kanuni kama hiyo ya saa mbili usiku si kuomba muujiza.

Kuna pia dhana za wizi ambazo si wizi. Matangazo hutaja kasi kwa megabiti, simu huhesabu faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 20 hushusha megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na faili la megabaiti 100 litachukua sekunde 40. Anayetarajia sekunde tano ataona ametapeliwa mara nane. Vilevile bando. Aprili 2021 utaratibu mpya wa vifurushi ulizua kelele nchi nzima hadi ukasitishwa, na tangu hapo kila bando linaloisha mapema lina mshukiwa. Sisemi kampuni hazina makosa. Ila mtandao unapokuwa na kasi zaidi, programu za video hujipandishia zenyewe ubora wa picha, bila kukuuliza, na dakika kumi zilezile zinakula mara mbili au tatu ya jana. Ubora huo unaweza kuushusha kwenye mipangilio.

Na Mei 12, 2024, intaneti ilipodorora Tanzania na nchi jirani, wengi walilaumu kampuni zao. Safari hiyo mikongo ya SEACOM na EASSy ilikuwa imekatika baharini upande wa Afrika Kusini, na hakuna wakala wa mtaani aliyeweza kufanya lolote.

Kukatika kwa kebo, hata hivyo, kuna fizikia yake inayomsaidia mteja. Fundi akiingiza pigo fupi la mwanga kwenye uzi uliokatika, sehemu ndogo ya mwanga humrudia kutoka kwenye jeraha. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kilometa 200,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 300 za milioni za sekunde, mkato uko kilometa 30 kutoka alipokaa, na kifaa kinamwonyesha hivyo ndani ya dakika chache, kwa makosa ya mita kadhaa. Greda likichana kebo, au mwizi akaikata akidhani ni shaba akakuta vioo visivyouzika popote, mahali panajulikana siku hiyohiyo. Kwa hiyo kauli ya "bado tunatafuta tatizo" ikifika wiki ya pili kwa kebo ya nchi kavu, kinachotafutwa pengine ni gari, fundi, au fedha.

Kwa Matombo, nafasi ya karibu kuliko zote imelala chini ya barabara ileile ya ahadi. Greda linapokuwa tayari limefungua ardhi kwa ajili ya lami na mifereji, kulaza bomba tupu la plastiki pembeni huongeza gharama kidogo. Kulirudia baada ya lami kukauka ni kuchimba upya, kwa vibali vipya na bei mpya. Mwenyekiti wa kijiji akimkuta mkandarasi mahali popote kati ya Bigwa na Kisaki anaweza kumuuliza kama bomba hilo limo kwenye mchoro. Linaweza kukaa tupu miaka kumi bila kuharibika. Siku kampuni ikija, kebo ya faiba husukumwa ndani yake kwa hewa ya kompresa, kilometa moja kwa muda usiofika saa moja.